Tiba ya Mgongo Iletwe Bofu: Barua ya Wazi kwa Idara ya Afya ya Kaunti ya Mombasa

Kwa Idara ya Huduma za Afya ya Kaunti ya Mombasa na Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti,



Ombi la barua hii linatosha kuandikwa kwa sentensi moja: wadi ya Bofu, Likoni, ipatiwe chumba cha mazoezi ya mgongo, mtaalamu wa fiziotherapia wa kukisimamia, na siku za wiki zinazojulikana na kila mkazi. Halidai jengo jipya wala mashine ya mamilioni. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini jambo dogo namna hiyo linastahili kuingia kwenye bajeti ya kaunti.

Bofu ni wadi ya watu wanaokula kwa nguvu za miili yao. Alfajiri wanaume huteremka kuelekea feri, wavuke kwenda kupakua magunia kwenye maghala ya Shimanzi, kusukuma mikokoteni, kuchanganya zege na kupandisha karai kwenye ghorofa za kisiwani. Wengine hushinda juu ya bodaboda na tuktuk kati ya kivuko na njia ya Ukunda. Wanawake hufua nguo za watu, huinamia masufuria, hukaa kutwa kwenye kigoda wakiuza mboga, na bomba likikauka hubeba mitungi. Maji ya upande huu wa kusini hutegemea visima vya Tiwi na chemchemi ya Marere kule Shimba Hills, na mgao wake haujawahi kuwatosha watu. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na hakuna nyumba yenye watoto inayomaliza siku kwa mtungi mmoja.

Mzigo wote huo huishia mahali pamoja. Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna diski: ukuta wa nyuzi ngumu unaozunguka ute mzito. Mtu anapoinama na kunyanyua kitu kilicho mbali na kifua chake, shinikizo ndani ya diski hupanda sana. Daktari Alf Nachemson wa Uswidi alilipima katika miaka ya 1960 kwa kuingiza sindano ndani ya diski za watu walio hai. Ukuta huchoka kadiri miaka inavyopita. Kisha hutokea kile ambacho kila mwendesha bodaboda amekiona: tairi likichanika ubavuni, mpira wa ndani hutokeza kivimbe. Kivimbe cha diski kikigusa mshipa wa fahamu, maumivu hayabaki kiunoni. Huteremka takoni, nyuma ya paja, kwenye muundi, hadi kidole gumba cha mguu, na mwenye mguu husema unawaka moto au umekufa ganzi. Diski mbili za chini kabisa ndizo huumia kuliko zote.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba ifikapo 2050 watafika milioni 843. Hakuna hali nyingine inayowaondoa watu wengi hivyo kwenye shughuli zao. Lakini haiui na haiambukizi, kwa hiyo haina wiki ya kampeni wala fulana za kugawiwa. Mwenye kidonda huonewa huruma na kuachiwa kazi. Mwenye mgongo huonekana mzima, na akilala mchana huitwa mvivu na msimamizi wa mjengo, wakati mwingine hata na watu wa nyumbani mwake.

Njia anayopita mgonjwa inajulikana mitaani. Kiuno kikishika, huanza na dawa ya kuchua na kitambaa cha maji moto. Kisipoachia, huenda kwa mchuaji. Kutoka hapo ni duka la dawa, ambako huchomwa sindano ya diklofenaki, akapata nafuu ya siku mbili tatu, akarudi kubeba. Ndivyo inavyokuwa mwezi baada ya mwezi, hadi tumbo linaanza kukata, presha inapanda na figo zinaharibika bila yeye kujua, kwa sababu dawa za kundi la diklofenaki zikitumiwa muda mrefu pasipo uangalizi zina hatari zote hizo. Wapo wanaofikishwa kwenye tramadoli, dawa ya jamii ya afyuni. Utafiti wa Australia uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2023 ulionyesha kwamba dawa za jamii ya afyuni hazikuwasaidia watu wenye maumivu mapya ya mgongo na shingo kuzidi vidonge visivyo na dawa ndani. Pwani, ambako familia nyingi zimekwisha kupoteza vijana kwa mihadarati, haina nafasi ya kufungua mlango mwingine wa aina hiyo.

Mwisho wa njia ni picha ya MRI ng'ambo ya kivuko. Familia huchanga, hukopa chamani, huuza simu. Mgonjwa hurudi na bahasha yenye maneno mazito: diski imekauka, diski imetokeza, diski imechakaa. Wengi huacha kuishi siku hiyo. Hawainami tena, hawabebi mtoto, hawatembei, kwa kuamini kwamba hatua moja mbaya itawakata mgongo vipande viwili.

Laiti wangeambiwa pia yale ambayo watafiti wakiongozwa na Waleed Brinjikji wa Mayo Clinic, Marekani, waliyachapisha mwaka 2015. Walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye miaka 20, watu 37 katika kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa, na 30 katika kila 100 walikuwa na diski zilizofura. Kwa wenye miaka 80, diski zilizochakaa zilionekana kwa 96 katika kila 100. Kuchakaa kwa diski, basi, ni sehemu ya umri kama mvi zilivyo. Picha huonyesha umbo. Ili kujua kama umbo hilo ndilo linalouma, lazima mtu apime nguvu za mguu, hisia za ngozi na mshtuko wa goti, kisha alinganishe. Kazi hiyo hufanywa kwa mikono miwili, nyundo ndogo ya mpira na subira ya kumsikiliza mgonjwa. Hakuna chochote ndani yake kinacholazimu kuvuka bahari.

Isichukuliwe kwamba picha na kisu havina mahali pake. Mtu akipoteza hisia kwenye sehemu za siri na ndani ya mapaja, akashindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukagoma kutoka, au miguu yote miwili ikaanza kulegea, hiyo ni dharura ya saa chache. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na akicheleweshwa huenda akabaki hivyo maisha yake yote. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo huweza kuwa kifua kikuu cha pingili, ugonjwa ambao Percivall Pott alieleza ulemavu wake huko London mwaka 1779 na ambao Kenya haijaumaliza. Aliyewahi kuugua saratani, na aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la mjengo, nao wana foleni yao. Hao wote wavushwe siku hiyo hiyo. Mwuguzi wa zahanati aliyefundishwa maswali haya machache anaweza kuwatambua kabla hawajapoteza wiki kwenye sindano za duka la dawa.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi mno, habari ni njema kuliko uvumi unavyosema. Kipande cha diski kilichotokeza mara nyingi hunywea chenyewe, kwa kuwa mwili hukishambulia na kukimaliza polepole. Uholanzi, mwaka 2007, Wilco Peul na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa mguu kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja lilipangiwa upasuaji wa mapema; la pili liliendelea na matibabu ya kawaida huku likijua kisu kipo likizidiwa. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa sawa: watu 95 katika kila 100 walisema wamepona. Wanne hivi katika kila kumi wa kundi la pili walipasuliwa hatimaye, nao walihitaji. Sita hawakuguswa na kisu kabisa.

Kulala kitandani nako si tiba. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake huko Texas waliwagawa wagonjwa: hawa wapumzike siku mbili, wale siku saba. Wa siku mbili walikosa kazi kwa siku zilizo pungufu kwa asilimia 45, na kupona kwao hakukurudi nyuma. Ni karibu miaka 40 sasa tangu jambo hilo lijulikane, na bado mtu wa Bofu huandikiwa kipande cha karatasi kinachosema apumzike, bila neno la namna ya kuamka.

Mwongozo wa kwanza wa WHO kuhusu maumivu sugu ya mgongo, yaani yanayozidi miezi mitatu, ulitoka Desemba 2023. Unapendekeza elimu, programu za mazoezi, kuchuliwa, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kutuliza uvimbe kwa uangalifu. Unashauri watu waache mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa vyombo, na dawa za jamii ya afyuni. Umeandikwa kwa maumivu yasiyo na chanzo kimoja mahususi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maumivu yote ya mgongo. Mwenye mshipa uliobanwa hutakiwa kuangaliwa zaidi, ila hata yeye mazoezi yaliyopimwa yanamhusu. Kuchua, kazi ya wachuaji wa mitaani, nako kumo ndani ya mwongozo huo. Idara ingefanya vyema kuwaita, kuwaheshimu, na kuwafundisha jambo moja tu: mguu uliopoteza nguvu hauchuliwi, unapelekwa hospitali.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Mgonjwa hulala chali kwenye mkeka, akakunja magoti, akainua kiuno na kukishusha. Hupiga magoti, akanyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, kisha akabadilisha. Hufundishwa kuinuka kitandani kwa ubavu, kunyanyua mzigo ukiwa umekaribia tumbo, na kutembea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, uliochapishwa mwaka 2024, uliwafuata watu wazima 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo. Waliosaidiwa na mtaalamu wa fiziotherapia kujiwekea utaratibu wa kutembea walikaa takriban siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wasiosaidiwa, siku 112. Dawa ya kutembea haiuzwi, lakini maneno ya mtaalamu aliyewasimamia ndiyo yaliyoleta tofauti, na maneno hayo ndiyo yanayokosekana.

Itasemwa kwamba watu wa Likoni tayari wanatembea kutwa. Ni kweli, wanatembea: wakikimbilia feri isiwaache, wamesongamana kwenye mteremko wa kivuko na watu wanaokadiriwa kuzidi 300,000 kwa siku, begani kuna gunia au mtoto. Mwenye mguu unaowaka hawezi kusimama kwenye msongamano huo, apande matatu ya pili, akae foleni, arudi, kisha arudie mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Kibarua akikosa siku amekosa chakula cha siku hiyo. Huduma inayompotezea siku nzima kila mara ataikimbia hata ikiwa ya bure, na hakuna haki ya kumlaumu.

Kuna mahali pamoja ambapo mwenye mgongo tayari ametengenezewa nafasi. Msikitini, asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala ubavu. Ruhusa hiyo ipo tangu enzi za Mtume. Viti vya safu za nyuma vipo, na hakuna anayewauliza waliokaa juu yake cheti cha daktari. Kibarua huyo huyo akitoka msikitini na kwenda kazini, hakuna anayempunguzia hata kilo moja.

Hapo ndipo barua hii inapogusa upande wa pili wa jambo, nao ni uzito. Tiba peke yake ni kuteka maji kwa pakacha ikiwa mtu ataponywa Jumatatu na kutwishwa gunia Jumanne. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo wa mtu mzima mwanamume usizidi kilo 55. Uingereza, mwongozo wa usalama kazini unataja kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke kuwa kiwango cha kuanza kujihadhari, na simiti huko huuzwa kwa mifuko ya kilo 25. Hapa mfuko wa simiti ni kilo 50. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumjeruhi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia la viazi.

Ukaguzi wa sehemu za kazi ni jukumu la serikali kuu, na Idara inaweza kujibu kwamba halimo mikononi mwake. Jibu hilo halitoshi. Kaunti ndiyo inayosimamia soko la Kongowea, ambako magunia hayo hushushwa kwa migongo ya watu kila usiku. Kaunti ndiyo inayotoa zabuni za kujenga zahanati, mitaro na madarasa ya chekechea. Inaweza kukataa gunia lililozidi kipimo lisiingie sokoni kwake. Inaweza kuandika ndani ya mkataba wa kila mkandarasi kwamba mfuko wa simiti hubebwa na watu wawili au kwa toroli, na kwamba asiyekuwa na bima ya vibarua halipwi. Hakuna mamlaka inayohitaji kuomba ruhusa ili kuweka masharti kwenye pesa zake yenyewe.

Turudi kwenye chumba. Katiba ya 2010 iliweka zahanati na vituo vya afya chini ya kaunti. Chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, KMTC, hufundisha wataalamu wa fiziotherapia, na wahitimu wengi wako nyumbani wakisubiri ajira. Baraza la kuwasajili lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2014. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba ya vifaa Septemba 2023, na sasa hupita nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Maswali matano ya dalili za hatari za mgongo hayaongezi uzito wowote kwenye mkoba. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 ikichukua nafasi ya mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, na mkazi wa Bofu asiye na mshahara hutakiwa kuchangia angalau shilingi 300 kwa mwezi. Anayelipa ana haki ya kuuliza kama mazoezi ya mgongo karibu na kwake yamo katika anachokilipia.

Chumba kiwe na mikeka kumi, kiti kisicho na magurudumu, ubao wa kuandikia na saa ya ukutani. Kifunguliwe alasiri na Jumamosi, vibarua wakiwa wamerudi ng'ambo. Wanawake wawe na saa zao na mtaalamu mwanamke, kwa sababu mama wa Bofu hatalala chali kufanya mazoezi mbele ya wanaume, na hafai kulazimishwa. Mazoezi yafanywe kwa makundi: mtaalamu mmoja huhudumia watu kumi kwa saa moja, na mgonjwa akimwona jirani yake aliyekuwa hawezi kufunga kamba za viatu sasa anainama, huamini zaidi kuliko akielezwa na daktari. Rekodi itunzwe ya mambo mawili tu, siku za kazi zilizopotea na sindano zilizochomwa, ili mwaka ukipita Kamati ione kwa macho yake kama fedha zimefanya kazi.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na kabla yake sheria inataka wananchi wasikilizwe. Wakazi wa Bofu wanaombwa waende kwenye vikao hivyo, hata wale watakaolazimika kusimama ukutani kwa kuwa hawawezi kukaa kwenye benchi, waulize fungu la fiziotherapia kwa wadi yao ni kiasi gani. Idara nayo inaombwa ifike hapo na jibu lililoandikwa: jina la zahanati, siku za wiki, na tarehe ya kufungua mlango.